Risala ya Mama wa Munigi Kuhusu Spesa za Jeep Yetu

Mgeni rasmi, Papa Laurent, mkuu wa mradi uliotupatia jeep, wazee wetu, mama wenzetu: karibuni Munigi. Viti ni vichache, lakini maharagi yapo, na harufu yake mmeisikia tangu mnashuka.

TULIKOTOKA

Sisi ni mama tuliokimbia vita Rutshuru, watoto wengine mgongoni, wengine tumboni. Tumbo halingoji vita iishe. Mwanzoni tulikodi gari la kutupeleka hospitali mjini. Siku ya mwenzetu Nyiramahirwe kujifungua, gurudumu lilichomoka, likatupita, likaenda zake kuelekea mtaa wa Mapendo. Alizaa kando ya barabara, kwa muuza makala, yaani makaa. Mtoto ni mzima, anaitwa Janvier, lakini kambi nzima inamwita Pine, yaani tairi. Fundi alituonyesha kilichovunjika: spesa, ile pete nene inayofungwa nyuma ya gurudumu ili likae nje kidogo.

TUNAYOJIVUNIA

Tangu utupe jeep, hakuna aliyezalia njiani. Dereva wetu, Papa Damascène, haruhusiwi kuondoka kabla hajakaza bulo, yaani boliti za magurudumu, mbele yetu. Hata mwenye uchungu hushika mlango na kusema, "Papa, miye siingii. Kaza kwanza, nione." Anakaza, nasi tunampigia makofi. Analalamika sana, lakini tunajua makofi anayapenda.

KINACHOTUSUMBUA

Matairi mapana uliyotuletea ni mazuri, ila tukikata kona yanasugua ndani. Ulitusikia, ukatuma spesa nne zifungwe kabla ya sherehe hii. Tunakushukuru kwa moyo wote. Tunaona haya kuendelea, lakini Rosine, yule aliyekaa mbele na tumbo lake, ataingia jeep hiyo wiki hii. Kwa hiyo tunaendelea.

Papa Damascène alijaribu moja. Tundu la katikati ni kubwa, linacheza, na mzigo wote ungebaki kwenye bulo. Nati zinashika nyuzi chache tu za bulo. Ina ufa, na haina alama ya aliyeitengeneza. Alitutazama, akasema, "Hii haiko ya gari, ba mama. Iko mukate."

TUNALOOMBA

Tunaomba nyingine, za kipande kimoja cha chuma au alumini imara, zenye jina la kiwanda. Tundu lake likumbatie kitovu cha gurudumu bila kucheza, matundu ya bulo yalingane na jeep yetu, na unene usizidi unaohitajika. Fundi aje na spana yenye kipimo, akaze, kisha arudi kukaza tena baada ya safari za kwanza, makofi tutamwongezea. Zikikosekana, turudishie matairi membamba ya zamani. Tutatikisika, lakini tutafika.

Zile nne hatukuzitupa, Papa, hatuna adabu mbaya hivyo. Ziko pale mezani, chini ya sufuria ya maharagi, ili moto usiunguze kitambaa. Kazi hiyo zinaiweza kabisa.

Mungu akulinde katika kila kona ya barabara, nawe utulindie Rosine. Tunataka mtoto wake aitwe jina la mtu. Wa jina la gari tunaye mmoja, anatutosha.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Mama Tujikaze, Munigi.
Imesomwa na Marcelline kwa niaba ya wote, na Pine akiwa mgongoni.