Aliyeshika Kamba

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Katika chama chetu hiki cha kuzikana mmenizoea mtu wa kununa. Leo nataka mjue nilichonunia.

Kabla ya vita hivi vilivyopita, hapa Mlingotini hakuna aliyeniweza kwa kuruka juu. Hatukuwa na miti ya kupimia kama ya shule. Watu wawili walishika kamba, huyu huku na yule kule, kwa ncha za vidole, ili mguu ukiigusa iwatoke. Siku zote upande mmoja alishika ndugu yangu wa kunyonya. Mama yangu alifariki akinizaa, mama yake akaninyonyesha.

Siku ya kumchagua wa kwenda kushindana Dar es Salaam, tulibaki mimi na yeye. Aliruka yeye kwanza, akaangusha kamba. Zamu yangu ilipofika akashika. Nikaruka, kisigino kikagusa kidogo tu. Loo! Kamba haikuachia. Ikanipindua, nikaanguka, paja likavunjika.

Akaja kunitazama na machungwa, analia. Nikaona mchubuko umemzunguka kiganja kizima. Ndugu zangu, kamba aliizungusha mkononi! Nikamuuliza. "Ah, wewe nawe," akasema, "ajali tu hiyo." Dar akaenda yeye. Nawaambia, paja liliuma, lakini yale machungwa yaliniuma zaidi.

Nikajifungia ndani. Sikumwamini hata mtu wa kunishikia ngazi. Aliyenitoa ni mama yule yule aliyeninyonyesha. Kila siku alikuja kunikanda kwa mafuta ya nazi. "Simama mwanangu, niegemee." Nikamwambia, "Mama, mwanao ndiye kanivunja." Machozi yakamtoka. Kesho yake akaja tena na mafuta. Basi nikamwegemea, nikatembea.

Mwanawe hakuniomba radhi mpaka amekufa. Mwezi uliopita, jeneza likitoka nyumbani, mama akanishika mkono: "Ingia wewe, umpokee mwenzio." Wallahi nilitaka kukataa. Nikaenda, nikaingia kaburini na mguu wangu huu.

Mama, najua unanisikia hapo kwa akina mama. Ahsante. Nanyi mlionivuta kutoka kaburini siku ile, Mungu awalipe. Langu ni dogo: mtu akikuamini, kamba usiizungushe mkononi. Siwadanganyi, bado nina uchungu naye. Lakini mlipomteremsha nilimpokea kwa mikono yote miwili, nikamlaza taratibu.