Minyaa ya Dirishani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya duka la Dobi. Kila saa kumi jioni utawakuta watatu na birika la kahawa: Dobi mwenyewe, Redio, ambaye hazimiki, na Fundi Saa, mtu wa maneno machache. Leo Fundi alikuja mbiombio, jicho la kulia kalifumba, machozi yanamchuruzika. Alikuwa akikata ua wa minyaa nyumbani, utomvu mweupe ukamrukia. Na jicho hilo ndilo lake la kazi, maana la kushoto liliharibika zamani. Alikimbilia kijiweni asije akamtisha mkewe, aliyevunjika nyonga na kukaa ndani miezi minne. Ua ule ulimzibia mama wa watu dirisha, Fundi akaamua kuukata ili mkewe aone wapita njia. Hilo hakuwaambia wenzake, aliona haya.

– Usifikiche! – Dobi akapiga kelele.

– Mwache afikiche, – Redio akadakia. – Utomvu ule ni maziwa, na maziwa dawa yake maziwa. Mtie ya ng'ombe, matone mawili.

– Nani kakudanganya? Punda wa mjomba alilamba minyaa, akatembea kinyumenyume siku tatu!

– Punda wa mjomba wako lini alijua mbele ni wapi? Mimi nilimwona mbuzi, utomvu ulimwingia machoni, toka siku hiyo akawa anaona gizani tu. Mwenyewe akamfanya mlinzi.

– Mbuzi mlinzi?

– Na halali kazini!

Fundi akacheka, na kucheka kukamwumiza. Moyoni alikuwa na hofu tupu. Akipofuka, nani atamwinua mkewe asubuhi?

– Jamani, linawaka moto.

– Linawaka kwa sababu linapona, – Redio akasema. – Kunywa kahawa, joto la ndani livute la nje.

– Mtu anaungua unampa ya moto? Mpe iliyopoa!

Wakabishania kahawa hadi birika likafika nusu. Ndipo Dobi akanyanyuka ghafla. Mwanamke alikuwa anavuka barabara taratibu, mkono mmoja gongo, mwingine jagi la maji, nusu limeshamlowesha gauni.

– Shemeji! Umetoka nje?

Mke wa Fundi hakuwa na muda wa salamu.

– Mmemwosha?

Redio akamtazama Dobi. Dobi, mwenye mapipa mawili ya maji nyuma ya mlango, akatazama chini.

– Basi leteni maji!

Akamwinamisha mumewe kichwa, akammiminia jagi baada ya jagi.

– Umejuaje? – Fundi akauliza.

– Si umenifungulia dirisha? Miezi minne sijaona barabara, kitu cha kwanza kukiona ni wewe unafikicha jicho kama mtoto.

Fundi akalia, wala hakusingizia utomvu.

– Fumbua. Unaniona?

– Ukungu mtupu. Naona gauni.

– Twende zahanati, sasa hivi.

– Na nyonga yako?

– Imefika hapa, na huko itafika.

Wakaondoka wameshikana, hatua kwa hatua. Dobi akafuata na ndoo, wakisimama kila baada ya muda jicho limwagiwe tena. Redio akaja nyuma yao. Alikuwa amebeba kiti, shemeji akichoka apate pa kukaa.