Someni Jina la Marcella kwa Sauti

Mheshimiwa Njura, Mwakilishi wa Wadi; Bi. Angeline Kaimenyi, Mkurugenzi wa kituo hiki cha TV, Padri Kinyua uliyetufungulia kwa sala, Chifu wetu, ndugu zangu wa chama cha wasioona mliotoka Nkubu, Kanja na hapa Majimbo, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nimewataja kwa majina, tena polepole, wala si kwa kujipendekeza. Kila mkubwa hapa ana kibao chenye jina lake mezani, na katika safu ya pili wameketi watu kumi na wanne ambao kwao vibao hivyo ni mbao tupu. Sasa wanajua wako na nani humu ndani. Imenichukua nusu dakika. Iwekeni akilini, nitairudia.

Bi. Mkurugenzi, uliniomba nije kusifu studio hii mpya, nami nasifu. Mmetuletea habari kwa lugha za mama zetu, bei za kahawa, mahubiri ya Jumapili. Na kila jioni, saa moja, mnatangaza vifo. Katika miteremko hii ya mlima, ni kipindi gani kinachofuatwa kuliko hicho? Mtu huacha chai ipoe. Picha ya marehemu inatokea, jina na siku ya mazishi vimeandikwa chini yake, kwaya inaimba, kisha inakuja picha nyingine. Hakuna anayesema neno.

Mzee yule mwenye kofia ya sufu ni Riungu, mkulima wa ndizi wa Nkubu. Hajaona tangu akiwa na miaka tisa. Aliyemshika mkono kwenda shuleni, asubuhi na jioni, mvua na jua, ni dada yake Marcella, ambaye baadaye aliolewa na kaka yangu Mwaniki kule Kanja.

Mwaka jana Marcella aliugua, akafariki. Tulimzika Ijumaa. Jumapili yake Riungu akafika Kanja na mkungu wa ndizi begani, akaanza kelele tangu langoni: "Mwambieni Marcella aache uvivu, atoke apokee ndizi zake!"

Kaka yangu akamwendea.

"Shemeji, kwani hukupata tangazo? Tuliliweka kwa TV."

"Tangazo la nini? Siku gani?"

"Jumanne. Saa moja."

Riungu akautua mkungu chini taratibu. "Jumanne nilikuwa nimeketi mbele ya TV," akasema. "Waliimba vizuri. Niliimba nao mpaka ubeti wa mwisho."

Ndugu zangu, kwetu ndugu wa kuzaliwa hutupa konzi ya udongo kaburini kabla vijana hawajashika sepetu. Konzi ya Riungu haikutupwa. Nani atamrudishia?

Msidhani nimekuja kunyoosha kidole na mkono wangu ni safi. Tangazo lile niliandika mimi, katibu wa kamati ya mazishi. Nilichagua picha. Niligombana na kijana wenu juu ya rangi ya maua ya pembeni. Simu ya Riungu ilikuwa kwa fundi, haipatikani, tukaambiana: "Riungu ana TV, huyo hapitwi na matangazo." Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye kamati, macho ishirini na manne, na hakuna hata mmoja aliyefikiri!

Kuna mabwana, tena wenye shahada, huniuliza: kipofu anataka TV ya nini, si asikilize redio? Nilimpelekea Riungu swali hilo. Akanijibu, "Mwalimu Mugendi, mimi sikuhama. Ni nyinyi mliohamia kwa TV, mkahama na vifo vyenu." Kama kuna mwenye shahada humu anayeweza kumjibu, asimame.

Hata kuiwasha ni kazi. Karambu wa hapa Majimbo, ambaye haoni, hulipia kifurushi kizima kila mwezi kama mimi na wewe. Lakini rimoti humpeleka asikokujua, basi humwita jirani.

"Ann! Niwekee habari!"

"Ngoja nigeuze chapati, mama!"

"Geuza tu. Nasikiliza wanavyouza sabuni tangu saa tisa!"

Mnacheka, hata yeye anacheka. Lakini king'amuzi cha sauti kipo, kile kinachokutajia idhaa na kukwambia kifurushi kinaisha lini. Kipo katika duka mlilofungua hapo chini, kwa bei mara tatu ya kile cha kawaida. Kwa nini asiyeona alipe mara tatu ili apate kile ambacho mimi napewa bure na macho yangu? Kama hiyo ni biashara, basi ni biashara ya kumtoza mtu kodi kwa sababu ya giza lake. Kiuzeni kwa bei moja. Lipeni tofauti kutoka kwa matangazo ya sabuni.

La pili halihitaji hata shilingi. Ni ile nusu dakika. Bi. Kaimenyi, umejenga studio yenye vipaza sauti sita, nimevihesabu. Nakuomba kimoja, saa moja jioni, na mtu wa kusoma majina.

Jumamosi hii ni misa ya kumbukumbu ya Marcella, mwaka mmoja tangu atutoke. Riungu amesema atakuja na udongo wa Nkubu katika mfuko wake, kutoka kwenye njia ile waliyokuwa wakipita kwenda shuleni. Tangazo la misa ninalo hapa mfukoni, na nikishuka nitalikabidhi mkononi mwako. Safari hii sikuleta picha. Ni maneno matupu, ya kusomwa.

Leo saa moja Riungu atakuwa ameketi mahali pake. Mkisoma, atajua siku na saa ya misa ya dada yake. Mkiweka kwaya peke yake, yeye hataimba.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.