Chupa Mbili za Firdausi

Kijiwe cha Mashineni, pale Kasulu mjini, kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga, na ukiinuka kwenye benchi lake suruali inakuwa nyeupe unga mtupu. Asubuhi ile baridi ilikuwa bado haijaachia, na Khamisi muuza kahawa alilishika birika kama anayeota moto. Walikuwepo Fidele, anayeitwa Redio kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea, na Kipriani Betri, fundi simu, ambaye kila jambo la dunia hulipima kwa chaji. Akaja Lukmani muuza vitenge, anatembea taratibu, plasta imebandikwa kwenye mkunjo wa mkono. Wakasogea wakampa nafasi, akaketi katikati.

— Mwakeye, Lukmani, Redio alimwamkia kwa Kiha. Mkono umefanyaje?

— Haujafanya kitu. Nimetoka kutoa damu.

Khamisi akasitisha kumimina. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana wote walijua. Wiki iliyopita Firdausi, mke wa Lukmani, alijifungua mtoto wa kike salama, kisha damu ikaanza kumtoka na ikakataa kukoma. Lukmani alisimama kwenye korido ya hospitali, akamwona nesi anapita mbio amekumbatia chupa ya damu, halafu akapita na ya pili. Jioni akaitwa ndani. Firdausi alikuwa macho, anaulizia chai.

— Sasa umejimaliza, Betri akasema. Mtu ni kama simu. Umetoa chaji, utabaki nusu hivyo hivyo mpaka unazeeka.

— Wameniambia mwili unatengeneza nyingine. Maji yake yanarudi upesi, chembe zake zinachukua wiki kadhaa. Miezi mitatu ikipita naruhusiwa kurudi.

— Hiyo ni ya kwako uliyotoa, Redio akadakia. Mimi naiogopa ya kupewa. Shemeji yangu kule Makere aliongezewa damu. Alikuwa mpole, haongei. Siku hizi anagombania mpaka wa shamba.

— Si majirani walimlia mpaka kweli? Khamisi akauliza.

— Walimlia, lakini zamani alikuwa ananyamaza.

— Mimi naona zaidi ya hapo, Betri akasema, amelegeza kofia yake. Damu ni mtandao mmoja. Mmoja wa waliompa Firdausi akishikwa na mafua huko aliko, Firdausi anapiga chafya hapa Kasulu.

— Na akiwa mcheza ngoma, Redio akamalizia, mtoto atalala, mama atainuka acheze.

Wakacheka, na Lukmani akacheka nao. Alikuwa hajacheka tangu siku ile ya korido. Akapokea kikombe, akakizungusha kiganjani.

Betri akainama karibu yake, sauti ameishusha.

— Lakini kaka, inauma?

— Sindano unaisikia, kama siafu amekukamata. Baada ya hapo husikii. Kwanza wanakupima uzito na presha, wanakutoboa kidole waone damu yako inatosha. Wanakuuliza maswali, unaumwa nini, unameza dawa gani, mpaka mambo ya chumbani. Ukidanganya unamwumiza mgonjwa, kwa hiyo unasema ukweli. Na damu yenyewe wanaipima magonjwa kabla hajapewa mtu.

— Halafu?

— Halafu unalala, unafumba na kufumbua kiganja. Muda wa kunywa kahawa yako hii, wamemaliza. Wanakupa soda na biskuti, unapumzika. Leo nisibebe majora ya vitenge, na ninywe maji mengi. Basi.

— Hukuogopa?

Lukmani akanywa funda moja.

— Niliogopa mpaka jasho. Ila nilipoona mfuko umejaa, nikalia. Nesi akadhani nimezidiwa. Niliona ni kidogo, Betri. Kidogo vile. Nikasema, kumbe ni hiki tu mtu alichotoa, na mke wangu yupo.

Mashine ikaanza kunguruma, na hapo ndipo walipomwona mama mmoja amevaa baibui lenye vumbi la safari, amesimama hatua chache kutoka kwenye benchi, jogoo mwekundu kwapani. Lukmani akainuka haraka, akaficha kikombe nyuma. Alikuwa Bi Zena, mkwe wake, ameshuka kwenye basi la Kibondo.

— Shikamoo, mama. Karibu. Firdausi yuko nyumbani, hajambo kabisa.

— Marahaba, baba. Naenda kumwona. Nimepita hapa kwanza nikuulize. Alinyoosha jogoo mbele. Huyu nimemleta kwa wale waliotoa damu. Wanakaa wapi?

Lukmani akamtazama Redio. Redio, ambaye hakuna habari isiyomfikia, akatazama chini. Betri akakuna shingo.

— Mama, hatuwajui, Lukmani akasema. Hawatuambii. Na wao hawajui ilikwenda kwa nani.

— Hawajui?

— Hawajui, mama.

Bi Zena akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayewatafuta watu wa kwao kwenye msiba wa mbali. Akamtazama na mpita njia aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la muhogo. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

— Basi mchinjeni hapa hapa, mle wote, akasema, akimkabidhi Lukmani jogoo. Huenda mmoja wao huwa anapita kunywa kahawa.

Khamisi akaweka birika chini, akaenda kutafuta kisu.