Gwenda Preece na Msitu Alioukataa

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja na mvua hii, familia imemtuma Ivor, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwagiza aseme mapema kwamba yaliyomo humu ni yale tunayoyajua, si yale tunayoyaelewa, kwa maana tumekaa jikoni kwa Delyth, bintiye, tangu Jumamosi tukijaribu kuyaoanisha, na bado hayajaoana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapahapa Wistanhope, Shropshire, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Albert Beddoes, mchunga kondoo wa kuajiriwa, na mkewe Nesta, ambao wote wawili wamelala nyuma ya kanisa hili, upande wa barabara. Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari mjini Ludlow hadi mwaka 1953, akafanya kazi katika duka la nyama, na kuanzia 1968 hadi alipostaafu mwaka 1998 alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi, ambako vizazi viwili vya watoto walimwogopa na kumpenda kwa sababu hiyohiyo moja, kwamba hakuna aliyeinuka mezani akiwa ameacha kabichi.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Leonard Preece, tarishi wa posta, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Len, na tarehe 4 Februari 1963 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Delyth, aliyewapa baadaye wajukuu wawili.

Len alistaafu mwaka 1994, na mwaka huohuo akajiunga na kikundi cha watu wa kujitolea walioomba ruhusa ya kukata kila majira ya baridi kipande kimoja cha miti ya hazeli katika msitu wa Hollowbatch, kwa kuwa haikuguswa tangu wakati wa vita na chini yake palikuwa na giza hata nyasi hazikuota. Kijiji kikagawanyika. Asubuhi ya Jumapili tarehe 13 Novemba kikundi kilipofika na misumeno, kilikuta watu wamesimama langoni kuwazuia, na mbele yao wote alikuwa Gwenda.

"Len, rudi nyumbani," alimwambia mumewe. "Barua umezichoka, sasa unataka kuni?"

"Ukiukata hapa chini haufi, Gwenda, unachipua. Mwanga ukiingia, na maua yanarudi."

"Kuku naye ukimkata shingo anarukaruka. Mtunza msitu gani huyo anayetembea na msumeno?"

Watu walicheka, Len mwenyewe akacheka, kisha akampita mkewe pembeni akaingia. Majira yale yote ya baridi alilala chumba cha zamani cha Delyth, lakini kila Jumapili alikuta chupa yake ya chai imejazwa na kuwekwa mlangoni, na hakuna aliyeulizwa wala aliyejibu. Mwezi Mei maua ya buluu yalifunika kipande kilichokatwa kama maji yaliyomwagika, kijiji kizima kikaenda kutazama, hata waliosimama langoni. Gwenda hakwenda, na kwa miaka minane iliyofuata hakutia mguu msituni.

Len alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Oktoba 2003 akiwa ananyoa ndevu. Siku mbili baadaye Ros Tipton, kiongozi wa kikundi, alikuja kutoa pole, akataja bila kujua anachokitaja kwamba Len alikuwa ameomba majivu yake yamwagwe msituni chini ya mwaloni mkubwa. Mkewe hakuwahi kuambiwa. Alisema, "Basi fanyeni alivyotaka," na tarehe 18 majivu yalipomwagwa yeye alibaki langoni, amefunga koti mpaka shingoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kazi, na kikundi kilimwona Gwenda akija peke yake njiani, amevaa viatu vya Len vilivyojazwa soksi, na mundu wa Len ukiwa ndani ya mfuko wa sokoni.

"Gwenda, mpenzi, kuvirudisha vifaa hakukuwa na haraka," Ros alimwambia.

"Sijaja kurudisha. Nionyesheni mnakatia wapi."

"Unataka kufanya kazi? Wewe?"

"Mikono ninayo miwili. Au mpaka nipige magoti?"

Hakupiga magoti, na alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Alijifunza kukata karibu na ardhi na kwa mshazari ili mvua iteleze, akajifunza kusuka uzio wa matawi kuwazuia paa wasile machipukizi, na watu waliokuja baada yake walifundishwa naye, wakakaripiwa naye. Kila Jumapili alilalamika kwamba Hollowbatch ni mahali penye tope na upumbavu, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika. Siku walipofungua kiota wakamkuta yule kipanya mwekundu alalaye majira yote ya baridi, wakamweka kiganjani mwa Gwenda, na wote wakangoja kuona kama atalia. Alimsikiliza akikoroma, akasema, "Len mtupu."

Delyth aliamini mama yake alikuwa anakwenda kukaa karibu na baba, naye siku moja akamwuliza. "Baba yako yuko mwalonini, mimi nakatia huku kijitoni," mama alijibu. "Hatuonani." Mwaka mwingine akamwuliza kama basi amekubali kwamba baba alikuwa na haki. "Sijasema hivyo," alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Nyonga ilimsimamisha kazi mwaka 2021, na Februari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho. Jumapili tarehe 23 Oktoba aliomba apelekwe msituni, Delyth akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kijitoni, akangoja, akidhani kwamba sasa ataambiwa kilichomleta huku miaka yote. Gwenda alikuwa akitazama visiki.

"Aliyekata pale amekata juu mno," alisema. "Maji yatatuama." Halafu akasema, "Mimi msinilete huku."

"Mama, Baba yuko huku. Na wewe umekaa huku miaka yote hii."

"Nizikeni kanisani na mama yangu, kando ya barabara, nisikie magari yakipita."

"Lakini kwa nini?"

"Delyth, nasikia baridi. Nipeleke nikanywe chai."

Jambo hili lilitugombanisha. Delyth alisema ni ugonjwa unaoongea, tena Ros na wenzake walikuwa wameshapachagua mahali chini ya mwaloni, na Ivor alisema hilo ndilo neno la wazi kuliko yote aliyowahi kuyatamka dada yake. Siku nne kabla ya mwisho Delyth alipiga magoti kando ya kitanda akamwuliza tena, kwa upole, kama bado ni kanisani. Gwenda alifumbua macho. "Wewe mtoto una masikio gani?" alisema, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka alipolala. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 24 Novemba 2022, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne.

Familia inamshukuru daktari wake na wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara ilipoganda, majirani mlioleta supu na pai bila kubisha hodi, wenzake wa jikoni shuleni, na kikundi cha Hollowbatch, ambao waliposikia kwamba hatakwenda kwao hawakununa, bali walimwomba Delyth ruhusa ya kulichimba kaburi hili kwa mikono yao, wakalichimba jana, kwenye mvua, wakilalamika. Kama yupo kati yenu aliyeambiwa sababu, chai ipo kwa Delyth, tafadhali aje atueleze.

Pumzika, Gwenda, kando ya barabara ulipopachagua mwenyewe. Tumefanya ulivyotaka, na hatujaelewa.