Mdhamini wa Vicky

Pantoni lilikuwa limeshaiacha Magogoni Mzee Anselmi alipomnyooshea fomu mama muuza samaki aliyesimama karibu yake, mtu ambaye hata jina hakulijua. "Nisomee hapa, mama. Huenda dukani wamenisomea vibaya."

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Vicky. Mshahara, laki tano."

"Na mimi laki tatu! Miaka kumi na tisa nipo kwenye duka lile la vitambaa Mchafukoge. Huyo Vicky hata mkasi nimemfundisha mimi kuushika. Leo ananiletea fomu nimdhamini mkopo!"

"Si amekuheshimu, baba? Kakuona mtu mzima."

"Heshima gani? Bosi ananiona takataka. Wakubwa wa mji huu wote lao moja."

"Wewe uliwahi kumwomba akuongeze?"

"Kwani macho hana?"

"Anayo, ila ya kuangalia wateja. Mwenzio alifungua mdomo."

Hapo mzee akawaka. "Nilifungua! Mke wangu Fortunata alipolazwa hospitali, nikamfuata bosi. Akasema biashara ngumu, nivumilie. Nikavumilia mpaka nikazika. Wiki ileile akamwajiri Vicky."

Mama akaikunja fomu, akamrudishia. Kisha akauliza taratibu, "Pole, baba. Sasa binti wa watu utamsainia?"

Pantoni likagota Kigamboni, pikipiki zikawashwa.

"Kwani yeye ndiye aliyeniambia nivumilie?" alifoka Mzee Anselmi, kana kwamba bosi ndiye huyo mama, na umati ukawatenganisha.