Risala ya Wafinyanzi wa Nandwele kuhusu Uso wa Mzee Gasper

Mgeni rasmi, uliyetoka mkoani kuja kutufungulia ofisi ya msaada wa kisheria. Mwenyekiti wa kijiji. Na nyinyi waume zetu mliokaa nyuma na kununa: shikamooni.

KARIBU

Sisi wanawake wafinyanzi wa Nandwele, huku juu Newala, tunakukaribisha. Tuliambiwa risala iwe ya vyungu, mambo ya kesi tuyaache. Vyungu vipo, utaviona. Kinachotunyima usingizi ni kesi.

HISTORIA FUPI

Msimu wa korosho uliopita, bwana Ashiru, mfanyabiashara wa Masasi aliyepanga nyumba hapa, alivamiwa usiku na majambazi wenye bunduki. Tunampa pole, aliumizwa kweli. Anasema alimtambua mmoja kwa mwanga wa tochi. Tochi yenyewe ilikuwa ya majambazi, na ilikuwa inammulika yeye machoni. Sisi tukimulikwa hivyo hatumtambui hata mume, lakini sisi hatukusoma.

Alieleza kwamba uso wa jambazi huyo ulikuwa na chale, mdomo uko wazi muda wote, anaongea bila kusogeza midomo, na hapepesi macho. Mahakamani ushahidi huo ulisifiwa kuwa umenyooka.

MAFANIKIO

Wapelelezi walifanikiwa haraka sana. Waliuliza nani hapa ana chale, wakamchukua mzee Gasper, Baba Dominika, ambaye hata kuvuka mfereji anashikwa mkono. Wakaandaa gwaride la utambuzi: mzee mmoja mwenye chale, na pembeni yake vijana wenye nyuso laini kama yai. Shahidi akamgusa mzee. Hata mbuzi angemgusa. Kwa utaalamu huo mtu anakwenda jela miaka thelathini.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, alichokiona bwana Ashiru ni kinyago cha ngoma ya midimu, kile wanachovaa wanaume siku vijana wanapotoka jandoni. Kiliibwa kwenye maficho yao porini kabla ya uvamizi. Shamsia, katibu wetu, alikiokota kwenye mikorosho nyuma ya nyumba ile ile. Waume zetu wakamwamuru akitupe na aseme hakuona kitu, kwa sababu kimila mwanamke hatakiwi kujua kwamba midimu ni watu. Anatakiwa aamini ni mizimu.

Mizimu! Tangu tukiwa wasichana tunawajua kwa miguu. Walter ana matege, na suruali anayochezea anaifua mkewe, Oliva, aliyekaa hapa mbele. Tumekuwa tukikimbia na kupiga mayowe kwa heshima tu. Kinyago wamekichonga wenyewe, sasa kinawatisha wenyewe, hata mwenzao anazama nao wamekaa kimya kama mabubu.

Mama Dominika alimfuata mumewe mahabusu.

"Baba Dominika, mbona husemi kwamba ni midimu?"

"Ya jandoni hayasemwi, mama. Nikifungwa, nitafungwa nikiwa mwanaume."

"Na huo uanaume ndio utakaonilimia?"

Mzee akalia. Sisi nasi tulipoambiwa tulilia, halafu tukakasirika, na hasira hiyo bado tunayo.

MAOMBI

Jumatatu ni zamu ya mzee kujitetea, na hana shahidi hata mmoja. Tunaomba mwanasheria wa ofisi hii atufikishe mbele ya hakimu. Tusiulizwe majambazi ni nani. Hatukuwaona, na hatutamtaja mtu ili tuonekane wajuzi. Tutasema kilichookotwa na mahali kilipookotwa, basi.

Desturi yetu mgeni hupewa zawadi, nawe utapewa chungu. Hicho kilichofungwa kwa khanga, kilichopo mapajani mwa Mama Dominika, usikipokee kama zawadi. Ni kielelezo cha mahakama, naye atakifungua sasa hivi mbele ya watu wote. Mwanaume anayeona haya na atoke. Asiyeona haya, Jumatatu apande gari pamoja nasi.

Mungu akulinde njiani, akujalie macho ya kuona mchana, na ulimi wa kukiri yale usiyoyaona usiku.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wafinyanzi, Nandwele.